Mkwe Ameonja Kwanza

Kwetu hupokei dawa kwa mtu ambaye hajainywa mbele yako. Hata maziwa, hata togwa, mwenye nyumba anapiga funda moja kwanza, anameza uone koo lake likipanda na kushuka, ndipo anakukabidhi kikombe. Asipofanya hivyo, jifunge kitenge chako vizuri urudi kwenu. Mama yangu alinifundisha hayo kabla hajanifundisha kusonga ugali, na mimi nimewafundisha wanangu, na wajukuu zangu, na kila aliyewahi kukaa jikoni kwangu. Kuonja ni kusema: kama ni kufa, tunakufa wote.

Ni desturi nzuri, siifuti. Lakini msimu uliopita wa pamba nusura iniondolee mume, na ndiyo sababu nimeshika kalamu, mimi niliyeishia darasa la nne nikatolewa kwenda kuchunga.

Tunakaa upande wa Nkoma. Pamba mbele, pamba nyuma, katikati nyumba yetu ya bati na ua wa minyaa. Minyaa hiyo ni ya kuzuia mbuzi, si dawa. Utomvu wake mweupe ukikuingia jichoni utatafuta choo kwa kupapasa. Kuna watu wanakuja kuuomba eti wapake penye maumivu, nami nawaambia wapake kwao, si kwangu. Dawa zangu ziko nyuma ya bafu, maji ya kuogea yanapotokea. Kuna mchaichai, umejaa kama nywele za mtoto ambaye mama yake ni mvivu. Kuna kivumbasi. Karibu na zizi kuna mbarika, na huo nautumia majani tu, kwa kukanda. Mbegu zake nazikata kabla hazijakomaa na kuzifukia, kwa sababu ni sumu, na mtoto akiziona zilivyo na madoa mazuri anadhani ni za kuchezea.

Watu wa hapa wananijua. Asiyepata usingizi anakuja, mwenye mgongo anakuja, mwanamke aliyechoshwa na mumewe anakuja, na huyo wa mwisho nampa kiti na masikio yangu, dawa haihitajiki. Lakini nina ukali wangu. Mti nisioujua sichemshi. Mjamzito simpi kitu zaidi ya pole na uji. Mtoto mchanga simgusi. Mtu akija ameshika kifua, simkalishi kunywa chai, nampigia kelele bodaboda aje. Wengine wananiona mnyimivu. Waganga wakarimu wapo, na makaburi ya wateja wao yapo.

Sasa mzee wangu. Huyu ni mume wangu, baba wa watoto wangu wote, mtu mrefu, mwembamba, mwenye masikio makubwa na aibu ndogo. Goti lake la kulia lilibanwa na maksai kwenye nguzo ya zizi wakati mwanetu wa mwisho anaanza kutembea, na tangu hapo goti hilo ni mtu wa tatu katika ndoa yetu. Baridi ikija linaumia. Mvua ikikaribia linatangaza. Mzee anazungumza nalo anapoinuka, analiita bwana mkubwa, analiomba twende taratibu. Maumivu hayo yanamnyima usingizi, na mtu mrefu akikosa usingizi kitanda kizima kinakosa.

Kwa hiyo tulikuwa na utaratibu wetu. Jioni, tukishakula, nachukua jani la mbarika, nalipitisha juu ya makaa mpaka linalegea kama sikio la ng'ombe, nalijaribu kwanza kwenye mkono wangu lisije likamuunguza, nalizungushia gotini na kulifunga na kipande cha kanga. Halafu kikombe kimoja cha mchaichai, chepesi, rangi ya majani makavu. Naonja, nampa. Halafu namkanda mgongo huku namsimulia habari za kijiji. Yeye anasema kinachomlaza si chai wala jani, ni urefu wa maneno yangu. Anaruhusiwa kusema hivyo kwa sababu asubuhi ndiye anayewasha moto.

Na asubuhi, baada ya uji, anameza vidonge vyake vya presha alivyoandikiwa hospitali. Hilo nalisema mapema kwa sababu ndilo kila mtu alilosahau.

Kuna mjukuu wetu wa kike, mtoto wa binti yangu anayeuza dagaa Lamadi. Tulimlea sisi tangu hajaota meno. Mzee alikuwa anambeba mabegani kwenda zizini, na kabla hajajua kuhesabu alikuwa anajua ng'ombe gani anaumwa kwa kuangalia kinyesi chake. Alisoma, akasomea mifugo, na sasa yuko Bariadi ana pikipiki ya kazi na sanduku la sindano. Kijijini wanamwita bwana mifugo, naye anaitika. Akaja kupata mchumba, kijana wa Bukundi, kwao wafugaji wa kweli kweli, watu wanaolala na kuamka na kengele za ng'ombe. Walijuana kwenye chanjo, wakigombana. Kijana alimwambia sindano yake ni kubwa mno, yeye akamwambia kama anaogopa ageuke pembeni. Mtu akianza kwa ugomvi wa namna hiyo, mtafutie mahari.

Na mahari kwetu ni ng'ombe, na ng'ombe hawapokelewi kwa simu. Siku yao wanaswagwa mpaka zizini kwa binti, na wazee wa upande wetu wanaingia kuwapitia mmoja mmoja. Wanashika pembe, wanafungua mdomo, wanainama kuangalia chuchu na kwato. Mwenye dosari anarudishwa aletwe mwingine. Mzee wangu ana jicho la kazi hiyo. Watu wanamwita vijiji vya mbali. Amewapitia ng'ombe wa mabinti wa watu wengi. Hawa wa mjukuu huyu ndio aliokuwa anawangoja.

Siku barua ya posa ilipokubaliwa aliniambia kwa sauti ya mtu anayeapa:

"Mama watoto, siku hiyo nitasimama. Mwanzo mpaka mwisho. Nikikaa, wataniletea vilema."

Mimi nilitazama goti. Goti wakati huo lilikuwa limevimba kama boga.

Pamba ikiwa imeshavunwa nusu, mama wa kijana alikuja kutusalimia. Alitoka Bukundi asubuhi, akabadilisha magari, akamalizia na bodaboda, na aliposhuka alikuwa amebeba kibuyu cha maziwa mgando kichwani bila kukishika. Mwanamke mnene, mweusi, mwenye kicheko kinachotangulia kuingia ndani kabla yake. Nilimpenda hapo hapo, na sipendi watu ovyo. Tukasalimiana kwa kirefu, mwangaluka mayu, mhola, habari za ng'ombe, habari za mvua, nikamwekea matobolwa na chai, akala viazi vile vikavu kama mtu aliyevikosa kwao.

Akamwona mzee anavyoinuka kwenye kigoda. Alifungua fundo la kanga yake akatoa mizizi, imefungwa na uzi, rangi ya kahawia kwa nje na njano kwa ndani. Akasema hiyo ni ya kwao, baba mkwe wake aliichimba, mume wake anainywa, maumivu yanakwenda na usingizi unakuja wenyewe bila kuitwa. Akaomba sufuria yangu. Nikampa, ingawa kumpa mwanamke mwingine sufuria jikoni kwangu ni kama kumpa mswaki wangu.

Alichemsha, akapoza, akamimina kwenye kikombe. Na mbele yetu wote akanywa. Si kulamba, alikunywa funda kubwa, akafuta mdomo na nyuma ya mkono, akakaa anatutazama kwa furaha. Kisha akamkabidhi mzee kwa mikono miwili.

Sasa niambie, wewe unayesoma, ungefanyaje? Mama wa kijana, kabla ng'ombe hawajaja, amekuchemshia, ameonja, amekupa kwa mikono miwili na goti moja chini. Ukikataa umesema nini? Umesema wewe ni mchawi na mwanao haoi kwetu. Mzee alikunywa yote, akatikisa kikombe kuonyesha kimekauka.

Usiku ule alilala kama gogo. Sikuguswa na kiwiko hata mara moja. Asubuhi aliamka anapiga mluzi, na mimi, nasema kweli, nilinuna. Miaka yote hii nakanda na kusimulia, halafu mwanamke wa Bukundi anakuja na mizizi anamlaza mume wangu kwa kikombe kimoja. Mkwe aliondoka ameacha fungu zima, na maagizo: asubuhi na jioni, asiache mpaka iishe.

Jani la mbarika likapewa likizo. Goti kweli lilitulia. Mzee alikuwa anamweleza kila mpita njia habari za mkwe wake, hata waliokuwa na haraka. Lakini mimi ninalala naye, ninakula naye, na nilianza kuona mambo. Alikuwa anasinzia na tonge mkononi. Akiinuka ghafla anashika ukuta. Macho yake yalikuwa yanachelewa kukufikia, unamsalimia, unangoja, ndipo anafika. Nilipomuuliza alisema mwili wake unafidia usingizi wa miaka mingi. Maneno mazuri, ya mtu aliyelewa.

Halafu siku moja, jua likiwa juu kabisa, alikuwa anatoka zizini kufunga lango. Nilikuwa natwanga. Nikamwona anasimama, ananyoosha mkono kama anayetafuta kamba hewani, kisha miguu inafunguka pande mbili kama ya ndama aliyezaliwa sasa hivi. Akakaa chini kwenye samadi. Mimi na mchi wangu tulifika pamoja. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu na jasho baridi. Nikamlaza, nikamwinulia miguu juu ya mapaja yangu, nikakaa naye pale pale kwenye samadi mpaka rangi ikarudi.

Jambo la kwanza alilosema ni kwamba nisimwambie mtu.

Jambo la kwanza nililosema mimi ni kwamba mizizi ile inaishia leo.

Tukagombana vibaya, tumekaa mavini. Alisema naona wivu. Nilisema ndiyo, na bado inaishia leo. Alisema haiwezi kuwa mizizi, kwa sababu mkwe ameonja kwanza, tena funda zima, mbona yeye hakuanguka? Hapo alinibana kidogo. Na akasema kitu kilichomuuma zaidi, kwamba tukiacha dawa yao habari zitafika, habari za namna hiyo hazipandi bodaboda, zinaruka, na Bukundi watasema tumewaita wachawi. Ng'ombe watageuzwa njiani. Mtoto ataaibika.

"Bora nianguke mimi," alisema, "kuliko harusi yake ianguke."

Nilimwambia akianguka kaburini nani atapitia ng'ombe, goti?

Nikampigia mjukuu wetu. Sikumzungusha, nilimwambia babu yako amekaa kwenye samadi na anakataa kusema kwa nini. Alikuja siku ile ile na pikipiki yake, bado amevaa mabuti ya josho. Alimsikiliza babu, akanisikiliza mimi, akachukua ule mzizi akaugeuza geuza. Akauliza nani anaujua mti wenyewe. Hakuna. Akauliza dozi yake ni kiasi gani. Mzee akaonyesha na kiganja, kiasi hiki. Mtoto akamwambia taratibu kwamba hata ndama hachomwi kwa kukadiria, na ndama si mume wa mtu. Kesho yake tukapanda gari kwenda hospitali Bariadi, watatu.

Njiani mzee alinipa masharti. Tukifika, hakuna kutaja mizizi. Madaktari hawapendi kusikia mizizi, watakufokea mbele za watu, watakuita mshamba. Nilisema sawa. Mzizi ulikuwa umefungwa kwenye pindo la kanga yangu.

Daktari alikuwa kijana, ana macho ya kukosa usingizi yeye mwenyewe, nikatamani kumpa chai. Alimfunga mzee kile kitambaa cha presha mkononi, akapima, akatazama, akapima tena. Presha iliyokuwa inapanda juu miaka yote sasa ilikuwa imeshuka chini mno. Akauliza, zaidi ya vidonge hivi, anatumia kitu gani kingine. Mzee akasema hakuna. Akauliza tena, chai yoyote, mizizi, unga, chochote cha kunywa. Mzee akatazama dari akasema hakuna kabisa, baba.

Nikafungua pindo nikauweka mzizi mezani.

Nilingoja kufokewa, nilikuwa na jibu langu tayari. Kijana yule hakufoka. Aliuchukua, akaunusa, akasema hata yeye haujui, na kwa sababu haujui hawezi kusema una nini ndani yake. Lakini vidonge kazi yake ni kushusha presha, na huenda mzizi huu nao unashusha, au unasinzisha, na vyote viwili vikivuta upande mmoja mtu anakwenda chini. Akasema wanaokuja hivi ni wengi, na karibu wote wanasema hakuna kabisa, baba.

Mzee alikuwa amenuna. Lakini ni mtu wa haki, akatoa hoja yake ya mwisho:

"Lakini daktari, mkwe wangu alionja kwanza. Nilimwona kwa macho. Na hakuanguka."

Daktari akamuuliza, "Mkwe wako anameza vidonge vya presha?"

Nililiona swali linamwingia mzee, kama ng'ombe anavyoingia lango ambalo alidhani ni dogo. Na mimi liliniingia pia. Umri wangu wote nimeonja vikombe vya watu. Nimeonja kwa tumbo langu, kwa damu yangu, kwa moyo wangu mzima. Kuonja kunaonyesha kwamba sikukusudia ubaya. Hakuonyeshi kilichomo mwilini mwa yule ninayempa.

Tuliambiwa mzizi uachwe, vidonge visiachwe wala kupunguzwa bila yeye kusema, na turudi kupimwa. Kwa goti akampa dawa ya kuchua na mazoezi ya kunyoosha mguu kitandani. Nikamuuliza habari ya jani langu na chai yangu, kwa sababu sikuwa nimekwenda kote huko kunyamaza. Akauliza nachemsha kiasi gani, nampa vikombe vingapi. Akasema jani la moto kwa nje si neno, ilimradi lisimuunguze na ngozi isiwe na kidonda. Chai nyepesi kikombe kimoja tuendelee, lakini kila tukija tuitaje, na tukimwona na kizunguzungu tena tuache tuje. Nikasema tutaitaja. Mzee akasema huyu ataitaja hata asipoulizwa.

Habari ya mzizi ikaisha, basi, ya mkwe bado. Mzee alitaka tunyamaze, tuseme umeisha. Lakini angeleta mwingine, maana ni mwanamke mkarimu. Na zaidi ya hapo, huko kwao anawapa wangapi, na wangapi kati yao wanameza vidonge? Nikajifunga, nikachukua michembe, viazi vyetu vya kukausha, na jogoo, nikaenda Bukundi mwenyewe.

Alinipokea kama dada. Alinikalisha kwenye kivuli cha banda la ndama, akaleta maziwa, akaonja, nikanywa. Tulizungumza ya mvua, ya malisho, ya watoto wetu. Maneno ya mzungusho siyajui, kwa hiyo niliyasema kama yalivyo.

"Mkwe," nikasema, "dawa yako ni kali. Imemlaza mzee mpaka kwenye samadi."

Kicheko kilimtoka usoni. Nikamweleza yote, kuanguka, hospitali, vidonge. Alinisikiliza ameshika shavu. Nilipomaliza inzi walikuwa wanazunguka kibuyu, nami nikawa naona ng'ombe wote wa mjukuu wangu wanageuka njiani mmoja baada ya mwingine.

"Kwa nini hukuniambia kwamba anameza vidonge?" akauliza.

"Uliniuliza?"

"Sikukuuliza," akasema. "Mwenye dawa ndiye anauliza. Sasa wewe ulipoanza kusema nilidhani umekuja kunirudishia mwanangu."

Akaanza kucheka, polepole, kisha mwili mzima, mpaka ndama wakaangalia. Akaniambia kuna shemeji yake hapo jirani naye ana presha, naye alikuwa anasinzia tangu ampe mzizi ule, na wao walikuwa wanasema ni uvivu. Tukaenda kwa huyo shemeji wote wawili, mguu kwa mguu, mkwe mbele mimi nyuma, tukamnyang'anya fungu lake mchana mweupe, tukamwambia akapime. Alilalamika sana. Mkwe alimwambia atalala akifa.

Kabla sijapanda gari tulikubaliana, yeye na mimi, wanawake wawili wazima: kuonja kubaki, lakini kabla ya kuonja, kuuliza. Unameza nini, umekula nini, una mimba, una presha, una sukari. Ukishajua, ndipo uchemshe, au usichemshe.

Siku ya ng'ombe ilifika kumekauka, vumbi linaonekana kutoka mbali kabla hujasikia kengele. Mzee alikuwa hajalala vizuri, goti lilikuwa linasema yake. Nilikuwa nimelifunga jani mapema, nikampaka ile dawa ya kuchua juu ya paja, jani lisipofika, akanyoosha mguu kitandani kama alivyofundishwa, analaani kila akinyoosha. Alimeza vidonge vyake. Kichwa chake kilikuwa chake. Macho yalikuwa yanafika mapema.

Alichukua fimbo akaingia zizini, na wazee wenzake nyuma yake. Nilikuwa nachungulia juu ya ukuta wa matete na wanawake wenzangu, mkwe pembeni yangu amenishika mkono, anakaza. Ng'ombe wa kwanza, pembe, mdomo, chuchu. Wa pili. Mzee alikuwa amesimama, lakini niliona mguu unaanza kutetemeka ndani ya suruali. Kuna mtu alileta kigoda, akakisukuma kwa mguu.

Hapo mjukuu wetu akatoka ndani. Bibi harusi kwetu anakaa chumbani siku hiyo, hatoki, hatazami ng'ombe wake. Alitoka na kitenge chake kipya, akapita katikati ya wazee, akaingia zizini kama anavyoingia kazini, akasimama upande wa goti bovu. Babu yake akaweka mkono begani pake. Wazee wakaguna. Mmoja akasema huyu binti ana haya kweli? Mzee wangu akamwambia bila kugeuka kwamba huyu ni bwana mifugo, yuko kazini. Mkwe alicheka mpaka ukuta ukatikisika.

Wakaendelea hivyo, wawili, yeye anashika pembe, mtoto anafungua mdomo, wananong'onezana kama zamani alipokuwa mabegani. Karibu na mwisho akaletwa mtamba mweusi, mzuri wa ngozi, anachechemea kidogo mguu wa nyuma. Mzee akamtazama muda mrefu.

"Huyu goti lake ni kama langu," akasema. "Mrudisheni. Goti la namna hii linatosha moja katika ukoo."

Zizi zima lilicheka, hata wa Bukundi. Mtamba akarudishwa. Wengine wote walikubaliwa, na mzee wangu alitoka langoni kwa miguu yake, mkono bado begani kwa mtoto.

Alipofika kwenye kiti chake kivulini, alikaa, akanyoosha mguu, na katikati ya nyama inayochomwa, na wanawake wanaopiga vigelegele, na kelele za spika ya jirani, akalala. Hakuna jani jipya, hakuna chai, hakuna mzizi. Mdomo wazi, masikio makubwa yanapigwa na jua. Watu walimzunguka kwa uangalifu kama wanavyomzunguka fahali aliyelala njiani.

Alipoamka mkwe alikuwa mbele yake na kikombe cha maziwa. Hakukionja bado.

"Mkwe," akamwambia, "leo umekunywa nini?"

Mzee akajikuna sikio, akamtajia yote bila kuficha: vidonge asubuhi baada ya uji, maji, soda nusu, na jani la mke wake gotini, kama hilo nalo linahesabika. Mkwe akafikiri. Ndipo akapiga funda, tukaona koo lake likipanda na kushuka, akamkabidhi kwa mikono miwili.